Jirani wa Kugombana Naye

Samaki malaika, ambaye kitaalamu huitwa Pterophyllum scalare na ambaye asili yake ni bonde la mto Amazon, hununuliwa kwa sababu ya umbo lake, kwani mwili uliobapa na mapezi marefu yanayopepea polepole humpa haiba ya kiumbe asiyeweza kumkosea mtu, na mnunuzi wa kawaida hazingatii kwamba wale anaoonyeshwa bado ni wachanga, umri ambao hata simba huchezewa. Kiukoo ni sikilidi, yaani mmoja wa familia kubwa ya samaki ambayo ndani yake wamo pia sato, ngege na wale furu wadogo wa Ziwa Victoria. Kwa hiyo mkazi wa Ngokolo, mjini Shinyanga, anayenunua malaika wanne wa kupendezesha sebule huwa ameleta nyumbani, bila kuambiwa, binamu wa kitoweo cha juzi.

Tangu mwaka 2009, ulipozinduliwa mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria mjini Shinyanga kutoka Ihelele wilayani Misungwi, binamu hao wa Amazon huogelea katika maji ya ukoo, ila maji hayo huja na klorini, dawa ya kuulia vijidudu ambayo huwadhuru na samaki, na ndiyo maana mfugaji huyaacha kwenye ndoo wazi usiku kucha ili dawa ipungue, naye hukuta alfajiri kwamba mtu wa nyumbani humo aliyewahi kuamka ameyaoga.

Malaika wachanga huishi kwa kundi, na kati yao huwapo mpangilio wa ukuu, yaani utaratibu ambao kila mmoja humjua anayepaswa kumpisha na yule anayepaswa kumpisha yeye, kiasi kwamba ugomvi wao huishia kwenye kusukumana. Wanapopevuka, wawili huoana, huchagua jani pana au bomba la pampu ya hewa, hulisafisha kwa midomo, jike hutaga mayai kwa mamia, na wazazi wote wawili huanza kulinda himaya, neno ambalo hapa lina maana ya eneo ambalo mwenyewe hulitetea dhidi ya wengine. Msomaji wa Usukumani hahitaji maelezo marefu, kwa kuwa anaijua ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa masika ili yafae kiangazi, na anajua pia kinachofuata ng'ombe wa jirani akionekana humo. Tofauti ni kwamba samaki hawana wazee wa kukaa kikao, na katika tangi la lita mia moja ngitili ya wanandoa huweza kuwa nusu ya dunia. Mvamizi hufunguliwa mapezi, hupigwa wimbi la maji kwa mkia, na asipoelewa hushikwa mdomo kwa mdomo na kuvutwa huku na huku, tendo ambalo wageni sebuleni, waliolelewa na tamthilia, hulitazama wakidhani ni mapenzi.

Usuluhishi wa binadamu huanzia hapo, na huharibika hapohapo. Hatua ya kwanza, ambayo kila nyumba huigundua upya, ni kumkamata mchokozi na kumfungia katika beseni, na matokeo yake ni kwamba wa pili kwa ukuu hurithi cheo kabla beseni halijafunikwa. Jambo hili limechunguzwa kwa sikilidi mwingine, Astatotilapia burtoni wa Ziwa Tanganyika, ambaye dume lake la chini, mkubwa wake akiondolewa, huvaa rangi kali na kuanza kufukuza wenzake ndani ya dakika chache, jambo linaloonyesha kwamba uonevu ni nafasi inayosubiri mtu.

Mjomba aliyefika kutoka Geita, ambako amezoea kusikia mabishano ya nani alianza kuchimba duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, huuliza ni samaki yupi aliyetangulia kuingia tangini, na ni lazima isemwe kwamba kati ya washauri wote wa sebuleni yeye ndiye anayeukaribia ukweli, kwa kuwa samaki aliyetangulia mahali kwa kawaida humshinda anayekuja baadaye hata wakilingana kimo. Ndiyo maana wafugaji wenye uzoefu huhamisha mawe na mimea yote kabla ya kumtia mgeni, ili wenyeji nao wawe wageni.

Ushauri mbaya kuliko wote ni ule unaoonekana wa busara, wa kuwaondoa wengine na kuwaacha wanandoa wastarehe. Konrad Lorenz, mwanasayansi wa Austria aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1973, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu uchokozi kwamba jozi ya sikilidi ikikosa jirani wa kugombana naye, dume huweza kumgeukia mkewe, na kwamba kuwaweka majirani ng'ambo ya kioo huirudisha amani ya ndoa. Nadharia yake ya hasira inayojikusanya mwilini imepingwa sana na waliomfuata, lakini jirani ng'ambo ya kioo bado anafaa.

Rangi nayo ina neno. Katika visiwa vya mawe kusini mwa Ziwa Victoria yuko furu mwekundu aliyepewa mwaka 1985 jina la nyererei kwa heshima ya Mwalimu Nyerere, ingawa dume lake halikubali ujamaa hata kidogo. Hushambulia zaidi dume jekundu mwenzake kuliko lile la buluu la furu wa aina jirani, na katika majaribio ya maabara wekundu waliwashinda wa buluu chini ya mwanga mweupe, lakini taa ya kijani ilipozificha rangi ushindi huo ulipungua.

Kwa kuwa ugomvi huu hutegemea macho, umeme ukikatika usiku Ngokolo vita vya sebuleni husimama, ila pampu ya hewa nayo husimama, na mwenye nyumba hulazimika kuchagua kati ya amani ya samaki na pumzi zao, mpaka mtoto mmoja awashe tochi ya simu kuangalia kama wamepatana, na mapezi yafunguliwe tena.