Marehemu Mwenye Marafiki Wengi

Siku hizi kuna watu hawanunui kikoa kilichokufa, yaani jina la tovuti lililoachwa, mpaka wajue marehemu alijuana na nani. Jina la tovuti ya kanisa lililosahau kulipia ada linaingia mnadani, mnunuzi anachuja: viungo vinavyoelekea huko visipungue mia, vitoke tovuti tofauti, alama inayotolewa na kampuni ya Moz izidi 30 kati ya 100. Kanisa lilihubiri nini? Hilo halina safu kwenye jedwali. Baada ya siku chache, anwani ya kwaya inauza kamari.

Larry Page na Sergey Brin walipoeleza PageRank, mbinu ya Google ya kupanga kurasa, mwaka 1998, kiungo kilihesabiwa kama kura. Na kura ikipata bei, mpiga kura hakosekani. Sisi hatuhitaji kufundishwa hilo. Kampuni ya Majestic, inayochunguza viungo, ikalazimika kupima wingi wa viungo mbali na uaminifu wake. Ukiona wingi 60, uaminifu 4, jua waombolezaji wamekodiwa.

Machi 2024 Google ikatangaza kwamba kufufua majina ya namna hiyo ili kuhadaa matokeo ya utafutaji ni ulaghai. Wachujaji wakasikitika kwa adabu zote, kisha wakaongeza kichujio kimoja: marehemu asiwe ameanza kunuka.