Jinsi ya Kuwa Shujaa wa Mbio Zilizofutwa

Sogea karibu, tuongee taratibu, wengine wasisikie. Umejisajili kwenye Cape Town Cycle Tour, mbio za baiskeli za kilomita 109 kuizunguka rasi ya Cape, Afrika Kusini, Jumapili moja ya Machi. Ada umelipa. Umetangaza kazini, umetangaza kwa kinyozi, umetangaza kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na shangazi ameshauliza kama hiyo baiskeli ina injini. Sasa umeanza kusikia habari za upepo, moto wa milimani na majabali yanayoporomoka barabarani, na hamasa inapungua.

Isipungue, ndugu yangu. Mtu asiyefanya mazoezi hana rafiki mwema kuliko dharura. Mbio zikifanyika, wapo maelfu ya watu wanaoweza kukupita. Zikifutwa, hakupiti hata mmoja. Kazi yako ni kuhakikisha shauku iko juu, jasho liko chini, na lawama zote zinakwenda kwa hali ya hewa.

1. Anza na historia, maana historia haina kilima

Miguu huhitaji miezi kukomaa. Mdomo unakomaa jioni moja. Kariri haya. Mbio zilianza mwaka 1978 zikiwa na waendeshaji 525. Hazikuanzishwa ili kumpata bingwa. Zilikuwa kampeni ya kuidai serikali njia za baiskeli. Mshindi wa kwanza, Lawrence Whittaker, alitumia saa 3 na dakika 2 na ushei. Ukitaja jina hilo bila kuulizwa, tena ukiwa unatazama mbali, nusu ya wanaokusikiliza watadhani mlikuwa mnaazimana pampu.

Kisha usiseme “Cape Town Cycle Tour”. Sema “Argus”. Ndilo jina la zamani, lilitokana na gazeti lililodhamini mbio, na wakongwe wa kule hawajaliacha. Anayesema “Argus” haulizwi ameanza lini. Umepata miaka ishirini ya uzoefu kwa silabi mbili.

2. Chagua adui wako mapema

Wanaoanza hukosea hapa. Wanasubiri siku ya mbio ndipo watafute kisingizio, na kisingizio cha papo kwa papo hunuka. Cha kwako kiivishe tangu Desemba.

Bahati nzuri, rasi ile ina ghala zima. Unataka joto? Mwaka 2002 lilizidi nyuzi 40, mbio zikasimamishwa watu wakiwa bado barabarani. Unataka mawe? Barabara ya Chapman's Peak, iliyochongwa ubavuni mwa mlima juu ya bahari, ilifungwa mwaka 2000 kwa ajili ya maporomoko, ikafunguliwa tena mwishoni mwa 2003. Miaka hiyo yote mbio zilipitishwa kwingine, juu ya kilima cha Ou Kaapse Weg. Unataka ukame? Mwaka 2018 jiji zima lilikuwa linahesabu siku za mabomba kukauka. Unataka maradhi? Mwaka 2020 mbio zilifanyika tarehe 8 Machi, siku tatu tu baada ya Afrika Kusini kutangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, na za 2021 zikasukumwa hadi Oktoba. Kwa mtu mwenye shauku kama yako, huo ni utajiri.

Lakini ukiniuliza mimi, shika upepo. Joto linakufanya uonekane dhaifu. Ukame unakufanya uonekane mbinafsi. Upepo unakufanya uonekane mtu aliyezidiwa na nguvu za mbinguni. Unavuma kutoka kusini-mashariki, na wenyeji wanauita Daktari kwa kuwa huifagia hewa chafu ya jiji. Mtu wa pwani aliyezoea kusi atadhani anaujua, mwache adhani.

Mwaka 2017 Daktari huyo alikuja na dharuba za kasi ya kilomita 100 kwa saa na zaidi. Watu wazima, wenye kazi zao na mikopo yao ya nyumba, walionekana kwenye video wakiwa wameng'ang'ania baiskeli za mamilioni zinazopepea kama nguo kwenye kamba. Wengine waliburuzwa. Mbio zikafutwa asubuhi ileile. Video hizo zihifadhi kwenye simu. Atakayekuuliza “hivi utamaliza kweli?” usimjibu kwa maneno, mwonyeshe sekunde kumi na tano za mtu anayenyang'anywa baiskeli na hewa.

Hapa niweke utani kando kidogo. Kabla tu ya mbio hizo, wikendi ileile, moto uliteketeza makazi ya Imizamo Yethu kule Hout Bay, na maelfu ya watu walipoteza nyumba zao. Mbio zilipofutwa, vyakula na maji yaliyoandaliwa kwa waendeshaji yalipelekwa kwa waathirika. Kwa hiyo ukiwa unahadithia ya 2017, hadithia upepo wako, lakini usithubutu kusema wewe ndiye uliyepata hasara kubwa siku ile. Hata ubabaishaji una mipaka yake.

3. Nunua shauku, usiifanyie kazi

Hamasa inayoonekana ni ile iliyovaliwa. Nunua fulana ya kubana, kaptula yenye sponji makalioni, miwani inayong'aa kama mafuta barabarani. Viatu vinavyonasa kwenye pedali ni lazima, kwa sababu vinagonga sakafu unapotembea, na mtu akiingia mgahawani na mlio ule hakuna haja ya kujitambulisha.

Baiskeli iwe nyepesi. Wewe ndiye utakayeibeba mara nyingi kuliko itakavyokubeba.

Usiku weka picha mtandaoni: baiskeli imeegemea ukuta, alfajiri inapambazuka, maneno mawili tu, “kilomita zinaingia”. Hujadanganya. Kilomita zinaingia kweli, katika vyombo vya watu wengine. Ukiona programu ya kuhesabu mwendo inakuumbua, izime na useme unafanya mazoezi kwa kusikiliza mwili. Mwili wako, tunajua wote wawili, unasema twende tukalale.

Onyo moja. Ukiwa Dar es Salaam, epuka barabara ya Pugu asubuhi. Huko utakutana na vijana wanaoshusha mkaa kutoka Kisarawe kwa Phoenix, magunia yamepangwa kwenye keria hadi yanampita mwenyewe kimo, hakuna gia, breki ni kandambili iliyoburuzwa chini. Hawana namba kifuani wala hawangoji utabiri wa hali ya hewa. Mmoja atakupita kwenye mteremko, kisha, hili ndilo baya, atakupita na kwenye mlima, akisukuma. Ukikutwa na balaa hilo, shuka, inama, jifanye unachunguza mnyororo.

4. Wiki ya mwisho: fanya kazi ya mtabiri

Sasa shauku yako inatakiwa ifike kileleni, na kilele chenyewe kiwe kwenye simu. Pakua programu tatu za hali ya hewa. Zitatofautiana, hilo ndilo tunalolitaka. Kila siku chagua inayotisha zaidi, ipige picha, itume kwenye kundi na maneno ya mtu asiyetikisika: “Na iwe iwavyo, mimi nipo.” Usitume uso unaocheka. Tuma mkono uliokunjwa misuli.

Kila mtu atakuombea hali ya hewa nzuri. Itikia “amina” kwa sauti, na moyoni omba uombavyo.

Fanya mazoezi ya uso mbele ya kioo. Unahitaji sura mbili. Ya kwanza ni ya mtu aliye tayari: taya limekaza, macho yamefinyana kidogo. Ya pili ni ya mtu aliyevunjwa moyo, nayo ni ngumu zaidi kwa sababu utakuwa unaivaa ukiwa na furaha. Mdomo ndio unaosaliti, unataka kucheka. Uzibe kwa chupa ya maji.

Rafiki mwenye husuda atakuambia mbio za sakafuni huishia ukingoni. Usibishane naye. Mwambie pole kwamba yeye hana kitu anachokipenda maishani, kisha omba akupeleke uwanja wa ndege.

5. Habari njema zikifika

Zikifutwa, usiwe wa kwanza kusema. Subiri kidogo, vua kofia ngumu polepole, tazama mlimani. Sentensi yako ni hii, na uitunze maana itakulisha miaka mingi: “Nilikuwa tayari.” Usiongeze neno. Ukisema “ningemaliza kwa saa nne” watu wataanza kupiga hesabu, na hesabu ni adui wa hamasa.

Usiwalaumu waandaaji. Wanaowalaumu ni wale waliofanya mazoezi kweli. Wana uchungu na hasira zao ni za haki. Wewe watetee. Sema usalama kwanza. Utaonekana una busara ya mzee wa mtaa, na hakuna atakayegundua kwamba unawashukuru.

Zikifupishwa, umepata dhahabu. Mwaka 2015 moto uliunguza milima ya rasi kwa siku kadhaa, na mbio zikakatwa kutoka kilomita 109 hadi 47. Fikiria uzuri wake: vilima vikubwa vyote viliondolewa, mstari wa kumalizia ukabaki. Ukikutana na mwaka kama huo, endesha, maliza, piga picha mia mbili, na ukirudi nyumbani sema “nimemaliza Argus”. Hakuna mtu Mbagala wala Kisauni atakayetoa futi ya kupimia. Akitokea mjuaji, sema moshi. Neno hilo peke yake linatosha, ukikohoa kidogo.

6. Na zikifanyika?

Nilitamani tusifike hapa, lakini rafiki wa kweli hafichi jambo. Miaka mingi mbio hufanyika. Kuna asubuhi Daktari haendi kazini, bahari imetulia, mlima hauna hata wingu, na umati mzima unasema “siku nzuri kama nini”, nawe unasikia tumbo linashuka.

Usikimbie. Mfumo wenyewe uko upande wako. Watu huanza kwa makundi, wenye rekodi mbele, wasio na rekodi nyuma sana, saa kadhaa baada ya kundi la kwanza. Kwa hiyo hakuna unayemjua atakayekuona. Mabingwa watakuwa wamemaliza, wameoga na wanakula wakati wewe bado unatafuta pini za namba. Una saa saba za kufika mwisho. Usizitumie zote kupiga pedali. Hiyo ni pupa.

Mpaka Simon's Town njia inavumilika, ukiwa umejificha nyuma ya mgongo mpana. Mchague mtu mnene, mwenye umri, anayekwenda mwendo wa heshima. Mtu wa hivyo ni ukuta dhidi ya upepo na pia ni ushahidi: akikuacha, sema ulikuwa unamsindikiza mzee.

Kilima cha Smitswinkel kitakapokuja, anza kupenda mandhari. Simama upige picha za bahari. Huko wapo nyani wakubwa wanaoshuka hadi barabarani. Nyani mmoja ana thamani ya dakika kumi za kupumzika, na hakuna sheria ya mbio inayokukataza kuwaogopa. Kwenye Chapman's Peak wasimulie walio karibu nawe habari za ile miaka barabara ilipofungwa. Simulia ukitembea. Mtu anayesukuma baiskeli akiwa kimya ameshindwa. Anayesukuma huku akieleza jiolojia ni mwongoza watalii.

Halafu kuna Suikerbossie. Hiki ni kilima baada ya Hout Bay, miguu ikiwa imeshageuka uji, na hapa ndipo wenyeji hupenda kukaa kandokando wakichoma nyama, wakipiga muziki na kukuita kwa jina kama limeandikwa kwenye namba yako. Huwezi kushuka mbele yao kwa aibu. Shuka kwa furaha. Inua mkono mmoja, wapigie makofi wao, ukaribie jiko kana kwamba ulikuwa na miadi. Watakupa soseji. Watakuuliza unatoka wapi, na ukisema Tanzania au Kenya watakupa na ya pili. Sema unamsubiri mwenzako aliyepata pancha huko nyuma. Kila kundi linalopita litazame kwa wasiwasi, tikisa kichwa, rudi kwenye nyama.

Gari la kuokota waliochelewa likifika, usipande mara moja. Muulize dereva, kwa sauti inayofika hadi kwenye jiko, kama amemwona mwenzako. Atasema hajamwona. Hapo ndipo upande, siti ya mbele kama ipo, na ukishafunga mkanda mwambie kwamba mwaka 2017 hali ilikuwa mbaya zaidi.