Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Rasilimali Watu

Ndugu Mkurugenzi,

Yah: SHUKRANI KWA KUTUHIMIZA

Sisi waombaji kazi wenye ulemavu tumesoma tangazo lenu la ajira, na mstari wa mwisho umetukuna kwelikweli: watu wenye ulemavu wanahimizwa kuomba. Tumehimizika, tumeomba. Sasa tunaleta mrejesho.

Mwenzetu anayetumia kiti mwendo aliitwa kwenye usaili ghorofa ya tatu. Lifti ipo, ila ina kufuli. Mlinzi, kijana muungwana, akambeba mgongoni hadi mbele ya jopo. Swali la kwanza: je, unaweza kufanya kazi bila kumtegemea mtu? Mwenzetu kiziwi hakuletewa mkalimani wa lugha ya alama, lakini mwenyekiti wa jopo alijitahidi sana kumpigia kelele. Asiyeona naye alipewa mtihani wa karatasi, akahakikishiwa kwamba maandishi yamekuzwa.

Kwa upande wa sheria, hongereni. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu wenye sifa za kazi. Ninyi mko 200, kwa hiyo mnadaiwa sita. Tulidhani mmepungukiwa, maana tunamfahamu mmoja tu, yule kaka wa masijala anayetembelea magongo. Tulipofungua kalenda yenu ya ukutani, tukatulia. Januari yupo, Machi yupo, Mei anakata keki, Julai anapanda mti, Septemba kasimama na bodi, Desemba anapokea cheti Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu. Sita kamili!

Tuna maombi machache, wala hayatagusa bajeti ya keki. Usaili ufanyike chini, kwenye ule ukumbi wa viti vibovu. Mkalimani aitwe kabla ya usaili, si baada ya malalamiko. Tangazo la mhasibu lisidai leseni ya udereva, labda kama vitabu vya hesabu siku hizi vinaendeshwa barabarani. Na choo chenye alama ya kiti mwendo kirudishwe kwa wenyewe. Ndoo na mifagio iliyomo inaweza kubebwa hadi ghorofa ya tatu, na hakuna atakayeiuliza kama inajitegemea.

Tunaomba msichelewe. Kaka wa masijala anastaafu mwakani, na miezi sita ya kalenda itakosa picha.

Wenu tuliohimizwa,
Waombaji