Usinunue Jazz Gizani: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Ndama

Malipo ya kahawa yakishatoka, Ndama yetu ya Karagwe hupata wageni wa aina mbili: wauza vitenge na wauza nyimbo. Kitenge utakifua mara moja ujue kama kinachuja. Nyimbo ndizo zinazohitaji mwongozo, hasa zile zinazonadiwa kama “jazz za zamani, orijino kabisa”.

Kwanza, ondoa tarumbeta la New Orleans kichwani. Wamarekani walitoa santuri yao ya kwanza ya jazz mwaka 1917. Ukiomba jazz sokoni Kayanga utapewa magitaa, saksafoni na mwanamume anayelalamika juu ya mapenzi. Usigombane. Dar es Salaam Jazz ilikuwapo tangu 1932, Morogoro Jazz tangu 1944, na zote zilikuwa zikipiga dansi kwa masikio yaliyonoleka kwa rumba za Cuba, zile zilizoletwa Afrika katika santuri za HMV zenye alama GV kuanzia miaka ya 1930. Usimwulize muuzaji Mcuba yuko wapi ndani ya Cuban Marimba ya Salim Abdullah. Walikuwa watu wa Morogoro. Western Jazz nayo, iliyoanzishwa 1959, ilibeba jina la Jimbo la Magharibi huku maskani yake yakiwa Dar es Salaam. Na kwa Atomic Jazz ya Tanga usitafute bomu.

Silaha yako ni mitindo. Kila bendi ilikuwa na wake, na mashabiki waliutetea kama ukoo. Mwambie muuzaji: “Kaka, nitafutie Saboso.” Akikuletea Western Jazz, mpe kiti. Akikuletea NUTA Jazz, huyo hajui. NUTA, iliyoundwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, mtindo wake ni Msondo. Sululu na Masika ni za Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, na Segere Matata ni ya Tabora Jazz. Mtego mzuri zaidi ni kuomba Saboso ya Tabora. Mjinga atasema ipo, ila bei imepanda.

Sasa tufike penye utamu, yaani penye wizi mwingi. Rekodi nyingi nzuri za bendi hizi hazikupigwa ili ziuzwe. Zilipigwa Radio Tanzania Dar es Salaam: bendi inaingia studio, inapanga viti, inapiga wote kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache, na mwimbaji akikosea mwishoni wote wanarudia tangu mwanzo. Ndiyo maana ukisikiliza vizuri unasikia chumba, pamoja na gitaa la rithimu lililokaa mbali na maikrofoni kuliko mpigaji wake alivyotaka. Redio ilirusha, nchi ikacheza, na bendi ikaenda kutafuta riziki yake mlangoni mwa ukumbi. Mikanda ikabaki rafuni Dar es Salaam. Kwa hiyo mtu akikuuzia “mkanda wenyewe wa RTD” chini ya mwembe, muulize kwa heshima ameutoaje jengoni.

Santuri zilitengenezwa Nairobi kwa wingi, na hapo pana somo la tarehe. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977, ukafunguliwa tena 1983. Muuzaji akikuambia babu yake alizinunua mpya dukani, kihalali, mwaka 1980, mpongeze babu kwa ujasiri wake. Hata Mbaraka, aliyefariki Januari 1979, mwaka huo wa 1980 ana nyimbo mpya nyingi tu katika midomo ya wauzaji.

Ukipewa santuri ndogo, geuza. Nyimbo nyingi za miaka ya 1970 zilikatwa vipande viwili: upande wa kwanza maneno, wa pili chemko. Muuzaji atakupigia upande wa kwanza tu, maana wa pili ndio uliochezewa hadi sindano ikachimba mtaro. Vumbi jekundu la Karagwe limefanya kazi iliyobaki.

Memori kadi ni hatari ya peke yake. Faili likiitwa “Zilipendwa Mix”, ndani yake kuna DJ anayetaja namba yake ya simu katikati ya saksafoni. Mimi ningelipa zaidi ili anyamaze. Afadhali utafute albamu zilizokusanywa kwa adabu: Dada Kidawa ya John Storm Roberts, au toleo la tatu la Zanzibara, au ile ya Western Jazz iliyotolewa na Sterns mwaka 2012. Ajabu ni kwamba hizo zimechapwa Ulaya na Marekani, kwa hiyo mtu wa Ndama hupata jazz ya Dar es Salaam kwa kupitia Paris.

Mzee mmoja atakuambia muziki wa kweli ni nanga, ile ala ya nyuzi, na kwamba mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika kwa Wahaya na mashine yake mwaka 1950 kuirekodi. Ni kweli alifika. Mpe rubisi, lakini usimruhusu abadilishe mada mpaka umalize kupatana bei.

Kuhusu bei: anza na nusu, na gitaa la Mbaraka likianza, zuia mguu.