Ruta Kidakani

Ruta ya waifai, yaani kifaa kinachopokea intaneti kutoka kwa mtoa huduma na kuigawa kwa simu, kompyuta na televisheni za nyumba nzima kwa njia ya mawimbi ya redio, hutawaliwa na sheria za aina mbili ambazo hazijapata kuafikiana. Za kwanza ni za fizikia, nazo hutaka kifaa hicho kikae katikati ya nyumba, juu, mahali pa wazi. Za pili ni za wenye nyumba, nazo hutaka kikae pembeni, chini, tena kifichwe, kwa sababu nyaya zake zinaharibu sura ya sebule. Karibu kila balaa linaloipata familia baada ya kununua ruta hutokana na ugomvi huu, na fizikia, ingawa haijawahi kukosea, ndiyo inayoshindwa katika kikao cha familia.

Mji wa Kale wa Mombasa unafaa sana kwa uchunguzi wa jambo hili. Mwaka 2009 kebo ya TEAMS ilifika Mombasa kutoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu, ikiwa imelazwa chini ya bahari kwa kilomita zinazokaribia 5,000, na mwaka huohuo ikafika kebo ya SEACOM. Data inayopita ndani ya kebo za namna hiyo husafiri kama mwanga ndani ya nyuzi nyembamba za kioo, na safari yote ya kutoka Fujairah haichukui hata sehemu moja ya thelathini ya sekunde. Baada ya kuvuka bahari kwa kasi hiyo, data hiyohiyo huingia nyumbani kwa watu, ikafika sebuleni salama, kisha ikashindwa kwenda chumba cha kulala.

Sababu ni ukuta. Nyumba za mawe za mji huo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake zikafikia unene wa nusu mita, na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti ikiwa ndefu mno hupinda, vyumba vilifanywa vyembamba, upana wa mita mbili na nusu au tatu hivi, vikapangwa kimoja nyuma ya kingine, hivi kwamba anayetoka sebuleni kwenda chumba cha ndani hupita kuta mbili au tatu kabla ya kufika. Fundi wa karne zilizopita alikusudia kuzuia joto, kelele na macho ya wapita njia; mawimbi ya redio hayakuwamo katika hesabu zake, lakini aliyazuia pia, bila kudai malipo ya ziada.

Mnunuzi ambaye hajaupima ukuta wake huenda dukani akiamini kwamba tatizo ni nguvu, na kwamba nguvu hununuliwa. Huko hukuta maboksi yaliyoandikwa namba kubwa, kama 300, 750 na 1200, na muuzaji kijana anayemhakikishia, kwa heshima zote, kwamba, "Ami, hii yenye antena nne itafika mpaka Nyali." Ami hulipa. Hakuna anayemweleza kwamba namba hizo ni megabiti kwa sekunde, tena za maabara. Kwamba 1200 hupatikana kwa kujumlisha 300 za masafa ya kwanza na 867 za masafa ya pili, ingawa hakuna simu inayotumia masafa yote mawili kwa pamoja kwenye ruta ya namna hiyo. Na kwamba jumla yenyewe ni 1167, iliyozungushwa kuwa 1200 kwa ukarimu ambao mwalimu wa darasa la tatu angeutia kalamu nyekundu. Ikiwa kifurushi anacholipia kila mwezi ni cha megabiti 10, ruta ya 1200 haitamwongezea hata moja, kwani ni sawa na kununua mtungi mkubwa kwa ajili ya kisima kinachotoa maji kikombe kimoja kimoja.

Megabiti nazo zina fitina yake. Biti nane hufanya baiti moja, kampuni za intaneti huuza kwa biti, na mafaili ya filamu hupimwa kwa baiti. Kwa hiyo kifurushi cha megabiti 10 hupakua megabaiti 1.25 tu kwa sekunde, na filamu ya megabaiti 700 huchukua dakika tisa na ushei hata mambo yote yakienda sawa. Baba asiyejua kanuni hii hugawa 700 kwa 10, akapata sekunde 70, akaita familia nzima ije kutazama, kisha akakaa mbele ya watoto waliokwisha kumaliza bisi zao, akiieleza hadhira yake kwamba mtandao wa leo una hitilafu.

Jambo la kuulizia dukani, ambalo huulizwa na wachache, ni kizazi cha waifai chenyewe. Kiwango cha kwanza cha teknolojia hii kilitolewa mwaka 1997, na vilivyofuata vilipewa majina ya namba na herufi yasiyokalika kichwani, hata mwaka 2018 wenye mamlaka ya jina la waifai wakaamua kuvihesabu kwa tarakimu tu, Wi-Fi 4, Wi-Fi 5, Wi-Fi 6. Mojawapo ya mbinu zilizoipa kasi ilibuniwa na John O'Sullivan na wenzake wa CSIRO, shirika la utafiti la Australia. O'Sullivan aliwahi kutafuta ishara hafifu za redio kutoka kwa mashimo meusi madogo ya angani yanayolipuka. Hakuzipata, lakini ujuzi wa kusafisha ishara zilizovurugika ulikuja kufaa pale mawimbi yanapogongagonga kuta za chumba na kurudi yakiwa yamechanganyika. Elimu iliyoanza kwa kusikiliza anga za mbali, basi, ndiyo ambayo leo inapambana na kidaka cha vyombo.

Kidaka hicho kinastahili maelezo. Ruta inapofika nyumbani, kikao hukaa ili kuamua itakaa wapi. Kijana wa kidato cha nne, ambaye ndiye aliyesoma maelekezo, hupendekeza ukumbi wa kati, juu ya mlango, akapuuzwa kwa sababu ya umri wake. Mama hupendekeza kidaka, yaani kishubaka kilichochongwa ukutani ambamo zamani ziliwekwa sahani na bakuli za kaure, kwa kuwa kimekaa bure na kina umbo zuri. Mjomba hupendekeza ndani ya kabati, nyuma ya birika la fedha, ili wezi wasiione. Kidaka hushinda. Ruta huzungukwa na mawe pande tano, ikatandikwa kitambaa cha kufuma juu yake kwa ajili ya vumbi, kitambaa kikaziba matundu ya kutolea joto, na kifaa chenye kuhitaji upepo kikaanza kujizima kila alasiri, jambo ambalo familia huliripoti kwa kampuni ya intaneti kwa maneno makali.

Masafa nayo huchangia. Ruta nyingi za siku hizi hutumia masafa mawili: ya gigahezi 2.4, ambayo mawimbi yake hupenya kuta vizuri zaidi na kufika mbali lakini hayana kasi kubwa, na ya gigahezi 5, ambayo yana kasi lakini huchoka kwenye ukuta wa kwanza. Mwenye nyumba husikia kwamba tano ni zaidi ya mbili, akaiunganisha simu yake na ya tano, akaingia nayo chumba cha ndani, na kutoka hapo akawa mpinzani wa teknolojia. Akirejea kwenye 2.4 hukuta kwamba masafa hayo yana njia tatu tu zisizoingiliana, ya 1, ya 6 na ya 11, na kwamba katika kichochoro ambacho jirani anaweza kumpa jirani chumvi kupitia dirishani, ruta za mtaa mzima zimejazana humo humo. Maikrowevu ya jikoni pia hufanya kazi katika masafa yanayokaribia hayo, na kwa hiyo pilau ya jana inapopashwa moto, mpira wa penalti husimama hewani kwenye simu ya kijana, mama akaitwa, mama akajibu kwamba chakula hakina uhusiano na mpira, na kwa mara moja sayansi ikawa upande wa mtoto bila ya kumsaidia.

Wazee waliozoea kuzungusha antena za televisheni juu ya paa huamini kwamba antena ya ruta nayo hulengwa, na hivyo huielekeza ncha yake chumbani wanakolala. Antena ya aina hii hurusha mawimbi ubavuni, kwa kuzunguka pande zote, na pale inapoelekea ncha ndipo mawimbi huwa hafifu kuliko popote pengine. Anayetaka mtandao ufike chumba cha jirani kwenye ghorofa ileile huisimamisha wima na kuiacha. Mzee aliyeilenga kwa uangalifu mkubwa, akafunga na uzi isiteleze, huwa amejinyima intaneti kwa ustadi ambao si wa kila mtu.

Baada ya mahali huja kuiwasha na kuitengeneza. Nyuma ya ruta kuna tundu moja, kwa kawaida lenye rangi ya peke yake, linalopokea waya wa mtoa huduma, na mengine yanayofanana ya kutolea waya kwa vyombo vya nyumbani. Waya huingia kote kwa urahisi uleule, na hapo ndipo saa ya kwanza hupotea. Saa ya pili hupotea kwenye anwani ya 192.168.1.1, au ile iliyobandikwa chini ya kifaa, ambayo huandikwa kwenye kivinjari ili kufungua ukurasa wa mipangilio, lakini watu wengi huiandika mahali pa kutafutia, wakaletewa makala kumi kuhusu anwani hiyo badala ya anwani yenyewe. Maandishi ya chini ya kifaa ni madogo, sifuri na herufi O huwa ndugu wa tumbo moja, na anayesoma huwa ameishika ruta juu chini huku anayeandika yuko chumba cha pili, akipaza sauti, "Rudia, shangazi, baada ya K!"

Mambo yakikwama, hutokea mtu mwenye pini ya mtandio. Kuna kitundu kidogo ambacho kikibonyezwa kwa sekunde kumi hivi hufuta kila kitu na kukirudisha kifaa katika hali ya kiwandani, na hufuta pia jina na neno la siri la akaunti ambalo fundi wa kampuni aliliandika siku ya kwanza na ambalo hakuna aliyelinakili. Kumbe dawa iliyotosha ni ile ya kuzima na kuwasha, ambayo watu huicheka kwa kuwa kila mhudumu wa simu huitaja, ingawa ina mantiki kamili: kifaa kikiwashwa upya, kumbukumbu yake iliyojaa na iliyovurugika huanza safi.

Linabaki neno la siri la waifai yenyewe, ambalo kwa mfumo wa ulinzi wa WPA2 huwa na herufi au tarakimu kuanzia 8 hadi 63. Familia nyingi huchagua nane, kuanzia moja mpaka nane, kwa mfuatano. Binamu huambiwa, binamu humwambia rafiki, na baada ya mwezi ruta ina wafuasi wengi kuliko imamu. Ulinzi hudai neno libadilishwe, lakini kulibadilisha ni kumwambia shangazi, bila kusema, kwamba mlango umefungwa, na hakuna aliye tayari kuipeleka habari hiyo. Watengenezaji wameliona tatizo na kuweka mtandao wa pili kwa ajili ya wageni, ulio mbali na kompyuta na mafaili ya wenyeji, suluhisho zuri lenye kasoro moja, kwamba hajazaliwa binamu anayekubali kuandikwa mgeni.

Mtaalamu akiitwa hatimaye, hupendekeza kitu ambacho kingegharimu kidogo tangu mwanzo. Kifaa cha kurudia mawimbi, ambacho hushika waifai dhaifu na kuitangaza upya, hupunguza kasi kwa sababu husikiliza na kusema kwa zamu, na kikiwekwa mahali pasipo na mtandao hurudia utupu kwa uaminifu mkubwa. Waya wa mtandao, kwa upande wake, hufika mita 100 bila kupungukiwa kasi, na nyumba nzima ya mawe haihitaji hata nusu yake. Kikwazo huwa ni kwamba unaonekana, lakini katika nyumba za namna hii waya hupitishwa kandokando ya boriti hadi ukumbi wa kati, usionekane na mtu asiyetazama juu, na ruta ikatundikwa hapohapo alipopendekeza kijana.

Kabla ya hapo, waya wa kampuni uliingilia dirisha la mbele, kidaka kilikuwa kando ya dirisha hilo, na waliopata mtandao bora kuliko wote walikuwa wanywa kahawa wa barazani, waliotenganishwa na ruta kwa ubao wa dirisha tu. Kwa hiyo anayetaka kujua kama ruta yake sasa imekaa inapostahili hana haja ya programu ya kupima kasi wala ya fundi wa pili. Angojee baada ya Isha, na mlango ukigongwa na mtu wa baraza akisema kwa masikitiko ya kweli, "Ami, waifai yetu imeharibika," ajue kwamba imetengemaa.