Shada la Bure

Mama jirani alianza kulia akiwa bado barabarani. Kajifunga kanga kiunoni, kashika kifuko cha sukari, na kilio chake kilifika uani kabla yake. Mwenye mlango, yaani mwandishi wa makala hii, alitoka na mswaki mdomoni ili naye ajue nani kafa hapa Nyegina, Musoma.

“Pole, mwanangu. Ni nani?”

“Nani tena, mama?”

Mama akaonyesha mlango kwa kidevu. Shada lilikuwa limetundikwa pale tangu usiku: duara nene la kusuka, maua ya zambarau, utepe mwekundu.

“Aa, hilo ni la Majilio, mama.”

“Majilio!” Akaketi kizingitini, mikono kichwani. “Kijana wa watu! Kaugua lini?”

Mama huyu ni Msabato, na kanisa lake halina kipindi cha Majilio, cha kuingojea Krismasi. Kabla hajaeleweshwa, kilio kilikuwa kimeshafanya kazi yake. Walifika wanawake wa nyumba za jirani, akafika kijana wa bodaboda na abiria wake, na mzee mmoja mwenye uzoefu akaomba daftari. Rambirambi huandikwa, jina kwa jina na kiasi chake, ili siku ya mwenzako nawe ujue deni lako. Ilipobainika kwamba hakuna maiti, majina yalikuwa yameshajaza nusu ukurasa. Mwenye mlango akajaribu kurudisha fedha. Mzee akakataa kwa upole wa kutisha: “Zikishaandikwa hazirudi. Zitunze tu, baba. Hakuna nyumba isiyofiwa.”

Majirani hawakuwa wajinga. Tanzania shada lina mahali pake, napo ni kaburini. Watu huitwa kwa zamu kuliweka: watoto wa marehemu, wakwe, wafanyakazi wenzake, wanakikundi. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, shada huwekwa mnarani pamoja na mkuki, ngao na sime. Anayelitundika mlangoni kwake bila kufiwa ndiye anayepaswa kujieleza.

Basi ajieleze. Mwaka 1839, Mlutheri mmoja aitwaye Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akilea watoto maskini katika makao ya Rauhes Haus huko Hamburg, alichoka kuulizwa kila siku Krismasi itafika lini. Akachukua gurudumu la mkokoteni, akalipangia mishumaa: 4 mikubwa myeupe ya Jumapili, 20 midogo myekundu ya siku za kazi. Kila siku uliwashwa mmoja, watoto wakahesabu wenyewe. Wakatoliki walichelewa, kanisa lao la kwanza linalotajwa kutundika shada hilo ni la Köln, mwaka 1925. Siku hizi mishumaa ni minne tu, kwa kawaida mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi kwa Dominika ya tatu. Majani mabichi nayo yana sababu yake: Desemba ya Ulaya miti mingi imepukutika, na tawi lililobaki kijani humpa mtu moyo.

Nyegina Desemba ni vuli. Hata nguzo ya ua huchipua.

Lakini Majilio yenyewe si mageni hapa. Misheni ya Nyegina ilianzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1911, na Julius Nyerere alibatizwa hapa tarehe 23 Desemba 1943, Majilio yakiwa yamebakiza siku mbili. Mwenye mlango hakuwa anazua dini mpya. Alikuwa anatafuta shada lisilogharimu, na ziwa liko karibu.

Ziwa Victoria hutoa magugu maji bure, na hapo ndipo mambo yanapovutia kuliko shada lenyewe. Asili ya mmea huu ni bonde la Amazon. Ulitembezwa duniani kwa ajili ya uzuri wa ua lake, ukaonekana katika ziwa letu kuelekea mwaka 1990, ukishuka pia na Mto Kagera. Kufikia 1998 ulikuwa umefunika takriban hekta 20,000. Ukipata joto na uchafu wa kutosha, huongezeka maradufu ndani ya wiki mbili, na mbegu zake hukaa matopeni miaka hata 15 zikisubiri zamu.

Pasua bua lake kwa wembe uone. Ndani kuna vyumba vidogo vilivyojaa hewa. Ukingoni mwa zulia la magugu, palipo wazi, bua hufura likawa kibofu, ili mmea uelee kwa nguvu zake. Katikati, palipobanana, hauna haja hiyo; majirani wanaubeba. Hapo bua huacha kufura, likarefuka kutafuta jua, hata kukaribia mita nzima. Msusi anahitaji hilo refu. Kwa maneno mengine, mabua yanayofikika kwa miguu ni vibofu visivyosukika, na yanayosukika yako mahali pa kufikiwa kwa mtumbwi, na mtumbwi una mwenyewe. Mwenyewe alitaja bei. Alipoambiwa kwamba ni magugu tu, alijibu kwamba mtumbwi si magugu.

Halafu kuna maji. Karibu asilimia 95 ya mmea huu ni maji, hivyo kilo 20 zilizopandishwa mwaloni kwa jasho hukauka zikawa kilo moja. Mzigo uliofika kwa mkokoteni ulianikwa juu ya majabali ya Nyegina, ambayo hushika joto vizuri, na kila alasiri mvua ikaja kuurudishia ulichopoteza. Anika, anua. Anika, anua. Mabua yaliyonusurika na ukungu yalirudi nyumbani yamebanwa kwapani.

Kwa heshima ya gurudumu la Wichern, fremu ilikuwa ringi ya baiskeli, namba 28, na mabua yalikazwa kwa waya wa kufungia nondo. Maua yalichumwa jioni ya mwisho. Ni ya zambarau iliyopauka, rangi ya Majilio kabisa, kiasi cha mtu kuamini kwamba gugu limeumbwa Mkatoliki. Ila ua hilo hata ziwani huishi siku moja au mbili. Mlangoni lilisinyaa kabla mama jirani hajamaliza kulia.

Yaliyofuata ni madogo. Bawaba ya juu iling'oka. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, kuhusu bawaba walinyamaza. Fukusi, ukoo wa wale walioletwa ziwani miaka ya 1990 kuyala magugu haya, walitoka mabuani, na kuku wakawa wanaurukia mlango toka alfajiri. Miguu iliwasha, maana konokono wa kichocho hupenda kivuli cha magugu. Mbuzi alikula utepe.

Kinachouma ni semina. Ukumbini, kwenye viti vilivyovishwa vitambaa, watu wa kandokando ya ziwa huambiwa kwamba magugu maji si tatizo, ni fursa: yasukeni vikapu, viti na mikoba. Ni kweli yanasukika, na vikundi vinavyoyasuka vipo, Kisumu kwa mfano. Lakini gugu hili halikunenepeshwa na wasusi. Limenenepa kwa majitaka ya miji na mbolea inayosombwa na mito hadi ziwani. Likifunga mwalo, mvuvi hatoki. Likisukumwa na upepo, linaondoka na nyavu zake, na nyavu hizo zina mkopo. Yeye hakuna anayemfungulia daftari la rambirambi. Anapewa kalamu na nauli, anaambiwa achangamkie fursa, na waliolilisha gugu hilo hata kikaoni hawakuitwa.

Dominika ya tatu ilipokaribia, dada mmoja wa mjini Musoma alisimamisha gari mbele ya mlango. Alilipenda shada, akaligusa, akalipiga picha, akauliza bei. Mwenye mlango akajumlisha kimoyomoyo mtumbwi, mkokoteni, ringi, waya na bawaba, akataja nusu ya alichopata.

“Kwa haya, kaka? Si magugu tu haya? Ziwani yamejaa, bure.”

“Yamejaa, dada.”

“Basi punguza.”

Akapunguza. Dada akafikiri, akatikisa kichwa. Mjini, alisema, kuna duka lenye mashada ya plastiki kutoka China. Bei yake mara mbili ya hii, lakini angalau yale, alieleza akipandisha kioo, yana theluji.