Mpini Hauna Kosa

Mcheza gofu ambaye fimbo inamteleza katikati ya pigo huwa na mshukiwa tayari: fimbo. Kesho yake yuko dukani akiulizia seti mpya, maana kanuni zinamruhusu fimbo 14, na zote, inaelekea, zina utelezi. Lakini ushahidi ameuvaa mkononi. Glavu iliyotoboka kwenye kitako cha kiganja inasema wazi kwamba mpini unasugua hapo kila pigo. Ukishikwa kwa vidole, penye mashina yake, hausogei ovyo. Yeye ameulaza kiganjani, kisha anaunyonga kana kwamba anaudai. Kadiri anavyoukaza ndivyo mikono inavyokakamaa, na fimbo ikigonga mpira inageuka upande.

Atauliza, na joto la Mombasa je? Jasho ni kweli, ndiyo maana kanuni hazikatazi glavu wala poda. Atasema raba ya mpini imechakaa. Huenda, mafuta ya ngozi na jua huikausha mpaka ikang'aa. Basi maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, brashi, kisha kitambaa kikavu. Ikikataa, abadilishiwe raba peke yake. Shida ya tiba hii ni hadhi: nani atajisifu kwenye baa ya klabu kwamba leo ameosha mpini? Na bado hadhi ipo vidoleni: Harry Vardon alishinda Open ya Uingereza mara 6, na mpaka leo mpangilio wake wa vidole unaitwa kwa jina lake. Ila vidole haviuzwi dukani, na mheshimiwa amekwisha kutoa kadi ya benki.